Hercules, roketi nane na sekunde kumi na tano

Msomaji kutoka Njombe ameandika: "Mtaalamu, shikamoo. Nimeona video ya ndege kubwa ya mizigo ya jeshi, Hercules ya injini nne, ikiruka huku moto unatoka ubavuni, kisha inapanda angani kama fataki. Ni kweli au ni mambo ya kompyuta? Na kama ni kweli, mbona ndege za mizigo hazifungwi roketi hizo zote, hasa kwa viwanja vifupi vya milimani kama huku kwetu?"

Marahaba, kijana wangu. Video ni ya kweli. Kwa jinsi unavyoieleza, ndege hiyo ni Fat Albert, C-130 (ndiyo hiyo Hercules) iliyokuwa ikibeba mafundi na vipuri vya Blue Angels, kikosi cha maonyesho cha Jeshi la Wanamaji la Marekani. Kuanzia 1975 hadi 2009 marubani wake walikuwa wakiwafungulia watu onyesho kwa kuwasha roketi nane, nne kila ubavu. Ndege iliacha ardhi kabla ya kumaliza mita 460, ikainua pua kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, na katika sekunde kumi na tano ikawa mita 300 juu ya vichwa vya watazamaji. Wamarekani huiita kazi hii JATO, na roketi zenyewe marubani huziita chupa, kwa sababu ndivyo zinavyoonekana.

Lakini onyesho lile limewapotosha wengi kuhusu kazi ya roketi, na nadhani limekupotosha na wewe. Chukua kalamu. Chupa moja inasukuma kwa nguvu ya takribani kilo 450, kwa sekunde 15. Nane zinafanya tani 3.6. Hercules iliyojaa ina uzito wa tani 70. Nguvu ya tani 3.6 ikisukuma tani 70 kwa sekunde 15 inaiongezea ndege mwendo wa kilomita 27 kwa saa. Basi. Ukiipunguzia ndege mzigo na mafuta mpaka ibaki tani 45, unapata kilomita 42 kwa saa. Na ukiuliza roketi peke yake zinaweza kuifanya ndege hiyo ya tani 45 ipande kwa mwinuko gani bila kupoteza mwendo, jibu ni asilimia 8, yaani pembe isiyofika nyuzi 5.

Zile nyuzi 45 zilitoka wapi basi? Kwanza, Fat Albert kwenye maonyesho ilikuwa nyepesi, haina shehena, na injini nne za C-130 nyepesi zina nguvu ya kutosha kupanda vizuri hata bila moto wowote. Pili, rubani alikuwa akitumia akiba ya mwendo. Ndege inayokwenda kilomita 220 kwa saa, kama mwendo wote ungegeuzwa kuwa kimo, ingejinyanyua karibu mita 190. Rubani alikuwa anavuta pua juu, anauza mwendo wake kwa kimo, na roketi zinamsaidia asiishiwe mapema. Zikizimika, anasukuma pua chini haraka. Asingefanya hivyo na tani 20 za shehena nyuma yake.

Kwa hiyo chupa nane si injini ya tano inayobeba ndege mbinguni. Ni msukumo mdogo, wa muda mfupi, unaofaa pale tu ambapo ndege imebakiza kidogo sana iruke na kidogo hicho hakipatikani kwa njia nyingine. Historia yake yote imo humo.

Wamarekani waliianza kazi hii ya JATO Pasadena, katika taasisi ya Caltech, chini ya Theodore von Kármán, akiwa na vijana kama Frank Malina na Jack Parsons. Agosti 1941 rubani Homer Boushey aliruka na kindege kidogo cha Ercoupe kilichofungwa roketi kwenye uwanja wa March Field, California, na urefu wa kukimbia ardhini ukapungua kwa karibu nusu. Shida ilikuwa kuhifadhi. Fueli yao ilikuwa ya jamii ya baruti, imeshindiliwa ndani ya chupa, na ikikaa siku chache ilipasuka nyufa. Ufa unaongeza eneo linaloungua, shinikizo linapanda ghafla, na chupa inalipuka. Mwaka 1942 Parsons, ambaye hakuwa na shahada ya chuo, alikuja na wazo la kuyeyusha lami na kuichanganya na potasiamu pakloreti, kisha kuimimina ikiwa ya moto. Lami hiyo ni ya jamii ile ile tunayomwaga barabarani. Ikipoa inashika ukuta wa chupa na haipasuki ovyo. Kampuni ya Aerojet iliundwa mwaka huo huo kulitengenezea jeshi roketi za kurushia ndege, na roketi nyingi za fueli ngumu zilizokuja baadaye zimetokana na wazo hilo la kumimina.

Wajerumani walikwenda njia ya fueli ya majimaji. Roketi zao za kampuni ya Walter zilitumia hidrojeni peroksaidi, zikidondoshwa kwa mwavuli baada ya kwisha ili zijazwe tena. Walizihitaji zaidi kwa Me 321 Gigant, ndege isiyo na injini, mabawa mita 55 kutoka ncha hadi ncha, iliyokusudiwa kubeba kifaru. Kuiondoa ardhini walitumia ndege tatu za Bf 110 zikiivuta kwa kamba kwa pamoja, na roketi hadi nane chini ya mabawa. Mtu yeyote aliyewahi kusimamia usalama wa uwanja wa ndege akisoma sentensi hiyo anashika kichwa. Ikiwa roketi za upande mmoja zimegoma, kila kitu kilichoko kwenye kamba kiko hatarini. Hatimaye waliifunga injini sita na kuipa jina jipya, Me 323.

Mahali ambapo chupa zilipata kazi ya haki, na kuifanya kwa zaidi ya nusu karne, ni Antaktika.

Tarehe 31 Oktoba 1956 ndege ya R4D, ambayo ndiyo DC-3 ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, ilitua kwenye Ncha ya Kusini. Ilikuwa imepewa jina Que Sera Sera. Rubani alikuwa Gus Shinn, na ndani alikuwemo Admirali George Dufek. Hakuna binadamu aliyekuwa amesimama pale tangu Robert Falcon Scott na wenzake mwaka 1912. Baridi ilikuwa karibu nyuzi 50 chini ya sifuri. Walikaa dakika 49, wakasimika bendera, wakarudi ndani haraka. Shinn akatia nguvu zote, ndege haikusogea, skii zake (zile reli pana za kutelezea juu ya theluji) zilikuwa zimegandamana na theluji. Akawasha chupa nne. Wapi. Alikuwa nazo 15 kwa jumla, akaendelea kuwasha zilizobaki mpaka ndege ikang'oka na kuyumba hewani, kioo cha mbele kikiwa kimefunikwa na barafu.

Watu husikia kisa hiki wakadhani tatizo la Ncha ya Kusini ni hewa nyepesi, maana pale ni mita 2,835 juu ya usawa wa bahari. Hebu tupige hesabu tena. Wakati wa kiangazi cha kule, joto likiwa nyuzi 28 hivi chini ya sifuri, uzito wa hewa kwa mita ya ujazo ni takribani asilimia 80 ya hewa ya kawaida ya usawa wa bahari. Sasa nenda Nairobi, mita 1,600 na ushee, saa nane mchana, joto nyuzi 25. Unapata asilimia 80 ile ile. Baridi inaibana hewa ya Ncha ya Kusini mpaka inalingana na ya Nairobi. Na ndege zenye mizigo zinaondoka Nairobi kila siku bila chupa hata moja.

Adui wa kule ni theluji. Skii huteleza kwa sababu msuguano unayeyusha utando mwembamba wa maji chini yake. Baridi ikizidi, utando huo haupatikani, na chembe za theluji zinakwaruza kama mchanga. Ndege inakimbia, inaongeza mwendo, halafu inafika mahali ambapo msukumo wa rafadha (yale mapanga ya mbele yanayozunguka) unalingana kabisa na ukinzani wa skii na hewa. Hapo mwendo haupandi tena. Unaweza kukimbia kilomita tano, sindano haisogei. Rafadha nayo ina tabia ya kupoteza msukumo kadiri ndege inavyozidi kwenda kasi. Roketi haina tabia hiyo. Haivuti hewa kutoka nje, haijali mwendo wala kimo, tani 3.6 zake zinabaki tani 3.6. Kwa hiyo marubani wa LC-130, Hercules yenye skii, walikuwa wakikimbia kwanza kwa injini, na chupa wanaziweka kwa ajili ya kipande kile cha mwisho kinachokataa. Kilomita 27 kwa saa nilizozikejeli hapo juu ndizo zinazotofautisha kurudi kambini na kulala kwenye theluji. Skii zikianza kunyanyuka, ukinzani unaporomoka, na injini zinamalizia zenyewe.

Sasa upande wa pili. Tarehe 4 Desemba 1971 LC-130 moja ya Wanamaji ilikuwa inaondoka mahali paitwapo D-59, ndani ya Adélie Land, baada ya kuwashushia mizigo watafiti wa Kifaransa waliokuwa safarini barafuni. Ikiwa imepaa mita 15 hivi, chupa mbili zilichomoka kwenye vishikizo vyake. Chupa ikichomoka haizimiki. Moja iligonga injini ya ndani upande wa kushoto, rafadha ikasambaratika, na vipande vyake vikaharibu rafadha ya jirani. Ndege ikarudi chini kwa kishindo. Watu wote 10 walipona, wakakaa pale siku kadhaa mpaka hali ya hewa ilipowaruhusu waokoaji kutua.

Ndege yenyewe iliachwa. Theluji ikaifunika miaka na miaka hadi ikabaki ncha ya mkia tu nje. Mwaka 1986 walianza kuifukua, maana LC-130 mpya ilikuwa ghali sana na hii chini ya barafu ilikuwa imehifadhika vizuri ajabu. Desemba 1987 LC-130 nyingine iliyokuwa ikipeleka vipuri vya ukarabati huo ilianguka pale pale D-59, watu wawili wakafa. Kazi iliendelea, na Januari 1988 ile ya zamani iliruka yenyewe kurudi McMurdo, kambi ya Wamarekani huko Antaktika, ikafanya kazi tena miaka mingine kadhaa. Wapo wanaoisimulia habari hii kwa fahari. Mimi nikiihesabu naona ndege moja iliyookolewa, nyingine iliyopotea, na watu wawili, na chanzo cha yote ni kishikizo cha chupa.

Kuna kisa kingine ambacho lazima nikupe, kwa sababu hakuna C-130 iliyowahi kufungwa roketi nyingi namna ile. Aprili 1980 Wamarekani walijaribu kuwaokoa mateka wao waliokuwa wameshikiliwa Tehran, wakashindwa jangwani. Helikopta iligongana na ndege ya mizigo, wanajeshi wanane wakafa. Wakapanga tena. Mbele ya ubalozi wao palikuwa na uwanja wa mpira wa Amjadieh. Mtu akauliza: je, Hercules inaweza kutua ndani ya uwanja wa mpira, ipakie mateka na makomando, iruke kutoka humo humo? Mradi ukaitwa Credible Sport, na kampuni ya Lockheed ikapewa ndege tatu za kufanyia kazi.

Wakafunga roketi 30 kwenye ndege moja, na hazikuwa chupa za kawaida; zilikuwa mota za makombora. Nane zilielekezwa mbele ili kuisimamisha ndege. Nane zilielekezwa chini ili kupunguza kishindo cha kutua. Nane za nyuma, zilizotoka kwenye kombora la Standard la meli za vita, zilikuwa za kuruka. Nne kwenye mabawa zilikuwa za kuzuia ndege isipinde kushoto au kulia, na mbili mkiani za kuizuia isijipigize mkia chini wakati pua inanyanyuka. Ukiona kuna roketi za kurekebisha madhara ya roketi nyingine, ujue umeshavuka mpaka.

Tarehe 29 Oktoba 1980 walifanya jaribio kamili katika uwanja wa Wagner Field, Florida. Kuruka kulikwenda vizuri kabisa, ndege kubwa ikaacha ardhi katika umbali ambao C-130 haikuwahi kuufikia. Tatizo lilikuja kwenye kutua. Kompyuta ya kuratibu ufyatuaji ilikuwa bado inahitaji kurekebishwa, wakaamua kuwasha roketi kwa mkono. Kati ya zile zilizoelekezwa mbele, za juu zikawaka mita sita juu ya ardhi, kama ilivyopangwa. Mwanga wake ukampofusha mhandisi wa ndege, akadhani magurudumu yameshagusa chini, akawasha za chini za mbele pia. Ndege ikasimama hewani. Zile za kupunguza kishindo hazikuwaka. Tani zote zile zikaanguka wima, bawa la kulia likavunjika kati ya injini mbili, moto ukashika. Zimamoto walikuwa tayari pembeni, na kila aliyekuwemo akatoka mzima.

Siku chache baadaye Rais Carter alishindwa uchaguzi. Mateka 52 waliachiwa tarehe 20 Januari 1981 kwa makubaliano yaliyosimamiwa na Algeria, bila ndege yoyote kutua uwanjani.

Sasa swali lako la kwa nini hazifungwi kwenye ndege zote. Chupa inatumika mara moja inatupwa. Ni kilipuzi, kwa hiyo inataka ghala lake, watu wake wenye mafunzo, na ruhusa zake kila inaposafirishwa. Haina swichi ya kuzimia. Ikigoma moja upande mmoja, rubani anapambana na usukani wakati mbaya kuliko wote. Na kila chupa unayopeleka mbali ni uzito ambao ungekuwa mzigo. Hayo yote yalivumilika zamani injini zilipokuwa dhaifu. C-17 ya leo, ndege nyingine ya mizigo ya jeshi la Marekani, ina injini nne, kila moja ikisukuma zaidi ya tani 18. Ukiifunga chupa nane umeiongezea asilimia 5.

Hata wa abiria waliwahi kuzifikiria. De Havilland waliipeleka Comet, ndege ya kwanza ya abiria ya jeti, Khartoum na Nairobi mwaka 1950 kuijaribu kwenye joto na kimo, na walitengeneza roketi iitwayo Sprite kwa ajili ya viwanja vya namna hiyo. Waliifanyia majaribio Uingereza, halafu injini bora zikaja na haikuingia kazini. Comet ilipoanza safari za abiria Mei 1952, London hadi Johannesburg ikipitia Khartoum na Entebbe, iliruka kwa injini zake tu. Mexicana, shirika la ndege la Mexico, nao walikuwa na Boeing 727 zilizoandaliwa kufungwa roketi kwa ajili ya viwanja vya juu kama Mexico City, mita 2,240. Hilo nalo limepita.

Upande wa Antaktika, kilichoziua ni rafadha mpya. Kikosi cha 109 cha New York Air National Guard, ambacho ndicho kilichobaki na LC-130 baada ya Wanamaji kuacha kazi hiyo mwaka 1999, kilianza kufunga NP2000, rafadha yenye mapanga manane badala ya manne. Inavuta zaidi wakati wa kukimbia kwenye theluji, na ukiinunua mara moja inakutumikia miaka. Fat Albert iliwasha chupa zake za mwisho hadharani Novemba 2009 huko Pensacola. Akiba iliyokuwa imetengenezwa enzi za vita vya Vietnam ilikuwa imekwisha na hakuna aliyeona sababu ya kuagiza nyingine.

Halafu Njombe. Kiwanja kifupi cha mlimani hakina theluji inayoshika skii, kwa hiyo lile pengo dogo ambalo roketi zinaliziba vizuri halipo. Ulichonacho ni joto, kimo, nyasi na matope, na hayo yanatatuliwa na bawa. Mwaka 1963 Wamarekani waliitua C-130 juu ya Forrestal, meli ya kubebea ndege, mara 21, bila ndoano na bila roketi, na ikiwa na uzito wa karibu tani 55 iliondoka ndani ya mita 230, ikisaidiwa na upepo na mwendo wa meli. Na majeshi ya Kenya na Tanzania yote yamewahi kuwa na Buffalo, DHC-5 ya Kanada, ambayo flapu zake kubwa (vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa) zinapigwa na upepo wa rafadha zake yenyewe, hivyo bawa linanyanyua hata ndege ikiwa bado inakwenda polepole. Ilikuwa inaondoka kwenye viwanja vya udongo vya mita mia chache tu. Ukitaka kujua kiwanja chenu kinaweza kupokea ndege gani, niandikie urefu wake, mteremko wake, na kama mvua ikinyesha gari dogo linapita bila kukwama. Joto la mchana na kimo nitavipata mwenyewe.